Kileleni Saa Sita na Dakika Kumi

Jumanne, 15 Aprili. Nyumbani.

Binti yangu Solrun amelamba nta ya skii, ile ya kupaka mbao za kutelezea thelujini! Sasa hivi, nimegeuka tu kutafuta kalamu. Amelamba, akatafakari kama hakimu, akalamba tena, kisha akaninyooshea na mimi. Nimelamba. Mtoto wa miaka miwili akikukirimu, utakataaje? Ladha ya mshumaa. Halafu akachukua kifuniko cha nta, akakitupa chooni, akasema, "Tii!" Ndio mtindo wake wa mwezi huu. Penye tundu pote lazima paingie kitu, na kila kitu kinaagwa kwa "Tii!" Juzi ilikuwa soksi ya baba yake. Nilitaka kumgombeza. Lakini alivyoinama na kuchungulia, kisogo chake kile! Nikakibusu kisogo.

Sasa mambo mazito. Keshokutwa tunapanda mlimani, kwenye kibanda cha ukoo wa mume wangu, kwa Pasaka, na Pasaka hii si ya mchezo. Mama mkwe wangu, Bergljot, ana miaka sabini na moja. Magoti yake, anasema mwenyewe, yana mia moja na ishirini. Ametangaza kwa simu kwamba mwaka huu atavua ufunguo wa kibanda shingoni mwake na kumvisha mwingine. Mwenye ufunguo ndiye mtunza kibanda. Anapasua kuni, anakwangua theluji paani, anazoa choo cha nje. Na neno lake ndilo neno.

Tuko wawili. Mimi, na wifi yangu Gunnvor, mwalimu mjini Tromsø, mwenye skii nyepesi kama unyoya na jibu la kila swali. Ijumaa nitaongoza mimi, kupanda mlima wetu Kjerringa, maana yake Bikizee. Jumamosi ataongoza yeye, kwa miguu kupita rasi hadi baharini. Jumapili, uamuzi. Roald, mume wangu, anasema wanawake wakigombea choo cha kuzoa yeye hayumo, atavuta tu sleji ya mtoto, kile kigari cha kuteleza.

Mimi sigombei choo. Nimekulia chumba cha kupanga juu ya kiwanda cha samaki, na tangu nilipotimiza miaka kumi na sita nakata minofu kiwandani humo humo. Pasaka, watu wote wakienda vibandani, mama alikuwa akiweka viti viwili nyuma ya nyumba, ukutani panapopiga jua, kando ya mapipa. Tukamenya chungwa. Akasema, haya, mlima wetu ndio huu. Alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa nikimtazama macho.

Nataka Solrun awe na mlima wa kweli. Basi.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili. Kibandani.

Aibu! Lakini kwanza nieleze mpango, kwa kuwa mpango wenyewe ulikuwa mzuri.

Jana nilimpigia Gunnvor simu kama wifi mwema. Nikamwambia huku juu kutakuwa na baridi kali, theluji kavu, apake nta ya buluu. Uongo mtupu! Nilikuwa na hakika ya jua na theluji iliyolowa. Theluji iliyolowa inataka nta ya tyubu, ile nyekundu inayonata kama asali iliyoungua. Kila mtoto wa huku anajua. Nikajipaka ya tyubu, tabaka mbili. Nikalala nikitabasamu.

Usiku baridi ikashuka, theluji mpya ikaanguka. Kavu. Kama unga.

Gunnvor alipita kama kisu kwenye siagi. Mimi kila hatua nilibeba theluji ya dunia nzima. Ilijishika chini ya skii, ikaongezeka, nikawa mrefu kuliko Roald. Bergljot, aliyepandishwa na jirani kwa pikipiki ya theluji, alinisubiri mlangoni. Akauliza kama nimekua au ni macho yake. Gunnvor akaja kunikumbatia! Akasema asante wifi, bila ushauri wako ningeadhirika. Sijawahi kuchomwa hivyo na shukrani.

Na bado. Mara tatu njiani nilisahau hasira. Unapanda katikati ya miti midogo ya mbetula, unaona nyuma ya skii za mbele tu, kisha miti inaisha na unageuka. Na bahari iko pale! Chini kabisa, nyeusi, imelala kati ya milima, na milima imesimama ndani ya maji mpaka magotini kama wanawake wanaofua. Nimezaliwa hapa. Nimeiona kila siku ya maisha yangu kupitia dirisha la kiwanda. Mbona ni kama sijawahi? Solrun naye alitoa kichwa kwenye sleji, akasema, "Yote?" Nikamwambia ndiyo mama, yote.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili. Asubuhi.

Wengine wamelala. Niko na kitabu.

Kibanda hiki kina kitabu cha tangu kilipojengwa. Marehemu baba mkwe, Aslak, alizitia kurasa zote namba ili mtu asichane. Kila anayekuja anaandikwa: siku, theluji imefika wapi, nani amefika kileleni. Ukutani pana kanuni za mlima, karatasi ya manjano, lakini kanuni ya kibanda haikuandikwa popote kwa kuwa haina haja: kitabu hakisemi uongo.

Nimejitafuta humo. Miaka mitatu ya ndoa. Kuna "Roald pamoja na mmoja." Kuna "Roald pamoja na wawili." Mwandiko wa Gunnvor, mzuri, wa ubaoni. Mimi ndiye mmoja. Mimi na Solrun ndio wawili.

Leo naongoza mimi. Hewa imetulia, kilele kinang'aa kama kimepakwa siagi. Tutakaporudi, Gunnvor ataidaka kalamu kabla sijavua viatu, namjua. Kwa hiyo nimeandika sasa. Nimeokoa muda tu.

"Ijumaa Kuu. Hali ya hewa nzuri sana. Oddny aliongoza. Kileleni saa sita na dakika kumi, wote wazima, tukala machungwa. Oddny."

Jina langu mara mbili! Mwandiko umepinda kidogo pale kwenye "machungwa". Nimekifunga kitabu, nimekirudisha. Hakuna aliyeona.

Ijumaa hiyo hiyo. Alasiri.

Nimerudi. Niandike upesi.

Tulitoka saa mbili. Mimi mbele, Gunnvor, kisha Roald na sleji. Bergljot alibaki na magoti na birika lake la kahawa. Ulikuwa mwendo mtamu kama ndoto! Nta ya buluu leo, nimejifunza. Theluji ilikuwa na punje za kumetameta, kila punje na kijijua chake. Kimya mpaka unasikia damu yako. Tai alipita chini yetu. Chini yetu! Niliuona mgongo wake, kama mtu anavyomwona kuku uani.

Saa nne kilele kilionekana karibu, karibu mno, kama ghorofa ya mwisho. Gunnvor akasema, kwa sauti ya darasani, kwamba upande ule upepo umerundika theluji mpya juu ya ile kuukuu. Nikamwambia leo mwalimu ni mimi. Roald akasema basi jamani. Nikapiga hatua.

Vuuump!

Si sauti kubwa. Ni kama ng'ombe mkubwa ameshusha pumzi chini ya sakafu. Theluji yote tuliyosimamia ikashuka kidole kimoja, na ufa mwembamba ukakimbia kuelekea kileleni, laini kama mstari wa penseli. Mtu wa huku haelezwi maana yake. Mlima unakohoa mara moja; mara ya pili unaporomoka na theluji yake yote.

Ndani ya kichwa changu, Mungu anisamehe, kilichokuja kwanza kilikuwa kile kitabu. Saa sita na dakika kumi! Wino! Kurasa zenye namba! Tukipita kushoto, taratibu, mmoja mmoja... Nikageuka kupima macho ya Roald. Nikaona kofia nyekundu ya Solrun ndani ya sleji. Amefurahi! Ananyanyua mikono. "Vuuump," akasema. "Tena!"

Nikasema tunarudi.

Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Gunnvor aligeuza skii. Tuliteremka mmoja mmoja, mbali mbali, kwenye alama zetu zile zile, na nilipofika bonde la mbetula nikaanza kulia na kuimba kwa pamoja. Upande wa pili wa bonde, kwenye mlima mwingine, tuliona theluji ya ubavu mzima ikiachia. Polepole, kama shuka likivutwa kitandani. Sauti ilifika baadaye. Moshi mweupe, jua ndani yake, upinde wa rangi ndani ya moshi. Kitu cha kuua watu, na kizuri namna ile! Tulisimama wote wanne. Roald alinishika mkono kupitia glavu.

Kisha nikakumbuka kitabu.

Nilishuka kama mwizi anayekimbizwa. Nilianguka mara mbili, mara moja ndani ya mti. Nikaingia kibandani na vijiti vya mbetula masikioni. Bergljot alikuwa amekaa dirishani kwenye ngozi ya kulungu. Kahawa, miwani, kitabu magotini.

Akatazama saa ya ukutani. Akaniuliza machungwa yalikuwa matamu?

Ilikuwa saa tano na robo. Alikisoma, aliniambia, saa nne na dakika arobaini. Alikuwa amekifungua kutazama mwaka ambao Aslak alimchumbia. Akasoma kwamba tutafika kileleni baada ya saa moja na nusu na kwamba wote ni wazima. Alisema hajawahi kufarijika hivyo.

Wengine wakaingia. Akasoma kwa sauti. Gunnvor alicheka mpaka akakaa chini mlangoni na viatu vya skii bado miguuni. Akasema wifi, wewe ulifika kabla hujaamka! Akaniuliza kama nimeshaandika na chakula cha jioni, ili asisumbuke kupika.

Bergljot hakucheka. Aliuliza ilikuwaje. Solrun akamjibu kwa niaba ya wote. Akajitupa sakafuni na tumbo, "Vuuump!"

Bergljot akaweka kikombe chini.

Jumamosi, 19 Aprili.

Siku ya Gunnvor. Jana nimeharibu, kwa hiyo leo lazima nirekebishe. Mpango: kufika pwani kabla yake.

Tuliteleza hadi theluji inapoishia, Bergljot akiletwa tena na jirani kwa pikipiki, tukachomeka skii zetu kama ua, tukaendelea kwa miguu. Ni ajabu ile hatua ya kwanza kwenye ardhi. Miezi sita hujaikanyaga. Ni laini, ina harufu, inajibu. Solrun alivua glavu akaipigapiga ardhi kama anavyompigapiga mbwa wa jirani. Kwenye mteremko wa jua akaona ua la kwanza la mwaka, la manjano, dogo kama kifungo. Akalipigia magoti. Akalila. Gunnvor akasema halina sumu, ni dawa ya kikohozi. Kwa nini anajua kila kitu!

Gunnvor alifuata njia ya rasi, akiwa amempa mama yake mkono. Mimi, na Solrun mgongoni, nikakata kona kupita bonde dogo. Njia ya mkato. Jina lake sahihi ni kinamasi. Nilizama mguu wa kulia mpaka pajani, kisha, kwa heshima, wa kushoto. Solrun alicheka mpaka akapata kwikwi. "Tena, mama, tena!" Roald alinivuta kwa kamba ya sleji. Kiatu kimoja kilibaki kidogo kufikiria, kikatoka.

Nilifika wa mwisho, mweusi mpaka kiunoni. Na hapo, jamani, bahari ya nje. Haina ukuta wa upande wa pili. Ghuba yetu nimeizoea, ina milima ya kuegemea. Hii inaendelea tu. Mawimbi yanakuja kutoka mahali ambapo hapana mtu. Ndege wa mdomo mwekundu wamesharudi, wanapiga kelele mawe yote ni yao. Nyuma yetu Kjerringa, mweupe, na ule mstari wa penseli bado unaonekana ubavuni. Nilisimama katikati ya hivyo viwili na kinamasi kikinichuruzika, nikajiona mdogo mpaka nikataka kucheka.

Sasa kuoga. Ndiyo desturi ya ukoo huu: aliyepanda kibandani kwa Pasaka anazama baharini mara tatu. Maji ya barafu iliyoghairi tu kuganda. Mimi nilikuwa nimejitayarisha. Kuna mtu kiwandani aliniambia waogeleaji hujipaka mafuta ili wasisikie baridi. Nilibeba chupa ya mafuta ya ini la chewa. Nikajipaka yote nyuma ya jiwe. Nitazama mara sita, nilijiambia, wote wanione.

Shakwe ndio walioniona. Kwanza watatu. Kisha ukoo mzima. Niliingia majini nikisindikizwa, nikazama mara moja, nikatoka nikipiga yowe, shakwe nao wakipiga yowe. Mmoja alinipora kofia. Roald akasogea upande unakotoka upepo. Gunnvor alizama mara tatu, nyoofu, akatoka akaniuliza kwa upole kama nitapakuliwa pamoja na viazi au peke yangu.

Bergljot aliingia wa mwisho. Alivua kila kitu isipokuwa ufunguo. Alitembea ndani bila kusimama, nywele nyeupe, mgongo umenyooka, akazama, na maji yakafunga juu yake kimya. Tukasubiri. Hata shakwe walinyamaza, naapa. Akaibuka mbali kuliko tulivyodhani. Pomboo wawili wadogo walipita nyuma yake, migongo ikizunguka kama magurudumu. Yeye hakugeuka. Nilijua mtu huyu hatanipa mimi ufunguo wake. Na nilijua pia, kwa mara ya kwanza, ni kitu gani nilichokuwa naomba.

Tulikula chewa, ini na mayai yake, kwenye moto wa mbao za pwani. Nilikula kidogo. Nilikuwa na harufu yake tayari.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili.

Ninao! Ninao! Uko shingoni! Ni baridi, ni mzito, una harufu ya chumvi!

Nianze mwanzo. Baada ya kifungua kinywa Bergljot alituketisha nje, ukuta unaopigwa jua. Machungwa. Alimenya lake lote bila kukata ganda, kisha akasema. Gunnvor ni mwanawe na ana akili za watu watatu. Yeye angefaa. Mimi, alisema, ni mwongo wa nta (Gunnvor akashtuka, "Nta ipi?"), mwongo wa kitabu, na nanuka.

Nikainamisha kichwa.

Halafu akasema kwamba katika maisha yake amewazika wanaume wawili waliofika kileleni. Kaka yake, na rafiki wa Aslak. Wote walifika. Imeandikwa, kurasa zipo. Yule anayegeuka nyuma akiwa na uongo wake unamsubiri nyumbani, anayejua ataaibika na bado anageuka, huyo ndiye anarudi kuzima jiko na kufunga mlango. Akauvua. Uzi ulinaswa kwenye nywele zake. Gunnvor ndiye aliyeunasua, Gunnvor mwenyewe, akanivisha. Akaninong'oneza kwamba choo kimejaa, hongera wifi.

Lakini kalamu inabaki kwa Gunnvor. Ndivyo mama mkwe alivyohukumu. Nisiandike neno kwenye kitabu cha kibanda mwaka mzima, mpaka nijue kwamba jambo huanza kutokea, ndipo huandikwa. Niliapa. Niliapa kwa machozi.

Gunnvor amepiga mstari juu ya maneno yangu, mmoja, mwembamba, yanasomeka bado. Chini ameandika: "Oddny aliongoza. Oddny aligeuka. Wote wako hai." Na mstari mwingine, kwa herufi kubwa za ubaoni: "Solrun, binti Oddny, alikuwepo." Nimesoma mara kumi. Solrun nimemsomea mara mbili, akatia kidole juu ya jina lake kana kwamba litaruka.

Mama alipokuwa hai hakuwahi kuketi kwenye ukuta huu. Nimeweka ganda moja la chungwa hapo chini, kwa ajili yake.

Jumatatu, 21 Aprili. Kuondoka.

(Kwa kweli sasa ni Jumapili, saa kumi na moja jioni. Lakini kesho mtunza kibanda atakuwa na kazi nyingi mno. Nimekatazwa kitabu cha kibanda. Shajara yangu hakuna aliyeitaja. Naokoa muda tu.)

Tumeondoka saa nne kamili. Hali ya hewa nzuri sana. Nilikuwa wa kwanza kuamka, nikazima jiko, nikafagia, nikafunga madirisha. Mama mkwe alitazama kila kitu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gunnvor alikiri hajawahi kuona kibanda kikifungwa kwa utaratibu kama huu. Choo cha nje kilizolewa bila tatizo lolote. Solrun hakulia. Tulipofika kwenye mbetula niligeuka kutazama nyuma, Kjerringa alikuwa mweupe na wa waridi, nikampungia mkono kama jirani. Mlango niliufunga mwenyewe, mizunguko miwili, na ufunguo uko salama shingoni mwa

Gunnvor ananiita. Yuko kwenye choo cha nje, anasema nije upesi, Solrun amepanda juu ya ubao, anachungulia shimoni na kusema "Tii!", na nikijipapasa shingoni hapa naona kuna uzi tu na